Moto wa Mapema Chini ya Daraja

Kwa nini sikuwasha kiberiti siku ile? Kilikuwapo. Kilikuwa juu ya meza ya mlinzi wa bohari, kando ya redio yake na kikombe cha chai, na mimi nilisimama hatua tatu kutoka meza hiyo, kalamu mkononi, mvua ya mwisho ya Aprili ikigonga mabati juu yetu. Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Unakata ukanda mwembamba wa ubao, upana wa vidole viwili, unaushika kwenye ncha ya moto, unahesabu polepole, kisha unauondoa na kutazama. Ubao mzuri huzima wenyewe kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Ubao mbaya huendelea kuwaka. Mwanafunzi wa sekondari angeweza kufanya jaribio hilo. Mimi, niliyesomea kemia ya viwanda chuo kikuu huko Lubumbashi na kuifanyia kazi miaka ishirini, sikulifanya.

Nimekwisha kujaribu majibu mengi. Dereva wa lori alikuwa amekaa njiani siku mbili na alitaka kushusha mzigo arudi kwake. Mvua ilikuwa inaingia bohari. Nilikuwa na njaa. Kila jibu ni la kweli na hakuna hata moja linalotosha. Kwenye hati ya mapokezi, ile ambayo kazini sote tunaiita PV, palikuwa na mstari ulioandikwa kwa herufi ndogo, ukiuliza kama jaribio la moto limefanyika kwenye mzigo ulioletwa. Nikaweka alama penye “ndiyo”. Nilijiambia kwamba nilikuwa nimelifanya kweli, majuma machache kabla, ofisini, kwenye kipande cha mfano ambacho muuzaji alituonyesha, na kipande kile kilizima vizuri. Lakini kipande cha mfano si mzigo. Katika bohari ile hapakuwa na mtu aliyelijua hilo kuliko mimi. Nikatia sahihi, nikanywa chai ya mlinzi, nikarudi nyumbani.

Daraja tulilokuwa tunalikarabati si kubwa. Liko kwenye tawi la reli linalotoka mjini kwenda karakana za zamani za Panda, juu ya kijito ambacho wakati wa kiangazi mtu hukivuka bila kulowesha magoti. Mihimili yake ni ya chuma, nguzo zake ni za mawe, na ubavuni lina njia ya waendao kwa miguu, yenye upana wa kutosha watu wawili kupishana ikiwa hakuna mwenye baiskeli. Treni hupita mara chache. Watu hupita tangu alfajiri: wafanyakazi wa zamu, akina mama wenye mabeseni ya unga na samaki wakavu, wanaume wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya makala, yaani mkaa, kutoka upande wa Kambove. Mwulize mtu wa kambi ya Panda, mtaa wa wafanyakazi, kuhusu daraja, atakueleza habari za njia hiyo ya ubavuni. Reli kwake ni kitu kilichojengwa kando ya njia.

Hapo kale njia hiyo ilikuwa ya mbao zilizopakwa lami. Zikaanza kutoweka mojamoja, maana ubao wenye lami hushika moto upesi jikoni. Zikawekwa bamba za chuma. Nazo hazikumaliza mwaka, zikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na zile chache zilizobaki ziliharibiwa na hewa yetu yenye asidi, ambayo huku hula hata misumari ya mapaa. Kwa hiyo kampuni yetu, kampuni ndogo ya ukarabati iliyopewa tawi lile pamoja na kikosi chake cha watunza njia, ilipoamua kutumia mbao za fibre, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa ndani ya resini, mimi ndiye niliyeandika hoja za kuzitetea. Hazishiki kutu. Mchwa hawazili. Haziuziki kwa kilo. Mpaka leo naziamini hoja zile. Lakini nimeusoma tena ukurasa ule, na neno moto limo mara moja tu, katika sentensi niliyoinakili kutoka karatasi za muuzaji.

Kikosi cha njia kiliongozwa na mtu tunayemwita kapita, neno letu la siku nyingi la mkuu wa wafanyakazi. Alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa na kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwa kali. Alipoanza kazi ya reli alikuwa chini ya baba yangu, naye baba alikuwa kapita kabla yake, kwenye tawi hilohilo. Mbele ya watu aliniita Ingénieur, yaani mhandisi. Tukiwa wawili aliniita mutoto.

Siku tuliyofunga ubao wa kwanza, mwezi wa Mei, aliugonga kwa fundo la kidole na kuunusa.

“Ingénieur, hii njo mbao? Haiko na harufu ya mbao, haiko na uzito ya chuma. Ni kama kitanda ya hôpital.”

“Ni fibre, Papa. Inadumu.”

“Itakaa kupita minye?” Akajigonga kifua.

“Itakaa kupita siye bote.”

Akawageukia wenzake. “Mumesikia? Basi mwizi atakuya, ataigonga hivi, atasikia haiko chuma, atatukana mama yake mwenyewe, na atarudia kwake.”

Wakacheka, na mimi nikacheka. Nilifurahi kwamba walikuwa wanacheka na si kuuliza maswali. Hilo nalo nalikumbuka sasa kwa namna tofauti.

Lazima nieleze desturi moja ya watu wa reli wa huku, kwa maana bila hiyo kisa hiki hakieleweki. Kila mwaka kiangazi kinapoanza, majani yakiwa ya manjano nchani na ya kijani shinani, kikosi cha njia huyachoma wenyewe kandokando ya reli. Huenda asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka na upepo haujaamka, kila mtu na tawi bichi la kupigia moto. Moto wa namna hiyo hutambaa, hausimami. Wasipouwasha wao mwezi wa Juni, mtu mwingine atauwasha mwezi wa Agosti, mwindaji wa panya au mkulima anayesafisha shamba, na huo wa Agosti huja na urefu wa nyumba na kuondoka na mataruma ya reli. Kwa hiyo kuchoma mapema ni kulinda. Chini ya daraja ndiko wanakochoma kwa uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu majani ya pale hunywa maji ya kijito na kurefuka kuliko mahali pengine popote. Baba alikuwa akisema kwamba moto chini ya daraja lazima uharakishwe, usipewe nafasi ya kukaa. Ukipita upesi, chuma hakina habari, jiwe halina habari, na mbao za lami hutoa moshi kidogo, basi. Watu wa kambi hawakuacha hata kupita juu wakati kazi hiyo ikiendelea. Walipita kama unavyopita jirani anapofagia uwanja wake.

Nilikua ndani ya desturi hiyo. Nilitembea nyuma ya moto wa baba nikiwa na fimbo, nikitafuta panya waliokimbia mashimo, na jioni mama aliwakaanga kwa chumvi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikujua.

Jumatatu ya juma lile la Juni nilipita darajani kwa miguu. Kikosi kilikuwa kimekaa kwenye tuta kikinoa mapanga, na kando yao palikuwa na rundo la matawi mabichi yaliyokatwa asubuhi ile.

“Ingénieur!” mmoja wao aliniita. “Utatuletea chumvi? Panya, siye tutatafuta.”

“Chumvi niko nayo,” nikajibu. “Munitafutie wenye mafuta.”

Kapita aliinua kofia yake kidogo, nami nikapita. Niliyaona matawi. Nilijua matawi yale ni ya nini. Ndani ya saraka ya meza yangu palikuwa na maelekezo ya muuzaji, kwa Kifaransa, kurasa tisa, na mojawapo ilisema kwamba majani yasichomwe karibu na mbao hizi. Nilikuwa nimeyasoma. Sikuwahi kuyatafsiri kwa ajili ya kikosi. Asubuhi ile kuna kitu kilinigusa akilini, kwa wepesi wa mtu anayepita nyuma ya kiti chako, lakini sikugeuka kukitazama. Nilikuwa na mkutano kuhusu kokoto.

Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa kwenye machimbo ya kokoto njia ya Kambove simu ilipolia. Alikuwa karani wetu.

“Ingénieur, daraja iko inawaka.”

“Majani,” nikasema. “Ni kikosi. Wanachoma majani.”

“Hapana. Siyo majani. Daraja.”

Moshi niliuona kabla sijafika Panda. Moshi wa majani ni mweupe na huenda upande. Huu ulikuwa mweusi, mzito, ukipanda kama nguzo.

Yaliyotokea niliyasikia kutoka kwa wanaume wa kikosi, na wote waliyaeleza namna moja. Moto wa majani ulitambaa kama inavyotakiwa, ukapita chini ya daraja, ukaishia kwenye mchanga. Kazi ilikuwa imekwisha. Wakaanza kukusanya vitu vyao. Hapo ndipo mmoja aliposema kwamba anaona mshumaa, na kweli kwenye ukingo wa ubao, pale tulipoukata kwa msumeno na kuacha nyuzi wazi, palikuwa na ulimi mdogo wa moto umesimama. Wakaupiga kwa tawi. Ukagawanyika, zikawa ndimi mbili. Kisha ubao ukaanza kudondosha matone, na kila tone lilianguka likiwa linawaka. Moshi uliokuja ulikuwa wa aina ambayo hakuna aliyewahi kuuvuta.

Juu ya daraja, katikati, alikuwapo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na beseni kichwani. Hakuwa mzembe. Aliona kikosi kinachoma majani kama kila mwaka, akapita kama kila mwaka. Moshi ulipomfunika alisimama, asijue mbele ni wapi. Kapita aliingia akitambaa kwa magoti, uso karibu na reli, akamshika kifundo cha mguu na kumvuta mpaka ng’ambo. Mama na mtoto walikohoa, wakatapika, wakapona. Yeye alirudi tena. Alitaka kung’oa ubao unaofuata ili moto ukose pa kwenda, na kwa kuwa spana ilikuwa tutani, aliushika kwa mikono.

Nilipofika walikuwa wamekwisha kumpakia kwenye taxi-bus kumpeleka hospitali. Moto ulizimwa kwa ndoo za maji ya kijito. Mbao nne hazikuwapo tena. Mahali pake zilining’inia nyuzi za kioo, nyeupe, laini, kama mvi. Lakini kilichonitisha zaidi ni zile zilizofuata. Zilionekana nzima. Zilikuwa na masizi tu, na mtu mmoja alikuwa tayari amezimwagia maji na kuzisugua kwa mguu ili watu wapite. Nikaweka kiganja juu ya mmoja wa mbao hizo na kukandamiza. Ulibonyea kama bukari, ugali wetu, ambayo haijaiva. Resini ilikuwa imelainika kwa ndani, na kilichobaki kilikuwa sura ya ubao. Upande wa pili wa daraja watu wasiopungua ishirini walikuwa wakisubiri, na wa kwanza wao alikuwa na baiskeli na magunia matatu ya makala.

Nikafunga kamba pande zote mbili. Nikakaa pale mpaka saa sita, nikiwarudisha watu, na sikumweleza hata mmoja wao sababu.

Alhamisi mkurugenzi wa kampuni aliniita. Si mtu mbaya. Kila Krismasi hupita nyumba kwa nyumba kambini akiwa na mfuko wa mchele begani. Alinionyesha kiti, akasukuma karatasi tupu upande wangu.

“Ingénieur, rapport hii iko simple. Muntu aliwasha moto, daraja ikaungua. Cause, effet. Page moya.”

“Wanachoma kila mwaka,” nikasema.

“Kila mwaka daraja ilikuwa ya chuma. Mwaka hii ni fibre, na maelekezo yanakataza moto. Iko imeandikwa. Weye mwenyewe uliniambia umeyasoma.”

“Niliyasoma mimi. Yeye hakuyasoma.”

“Minye napenda Papa Kapita. Bote tunamupenda.” Akashusha sauti. “Lakini moto haikujiwasha yenyewe. Na kama siyo yeye, basi benye mali, benye reli yao, watauliza juu ya mbao, na wakiuliza juu ya mbao watafungua PV, na kwenye PV kuko jina ya nani?”

Hakulisema hilo kwa vitisho. Alilisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake shimo njiani. Kapita alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu. Ripoti ya ukurasa mmoja ingeliita jambo hilo kosa zito, na kosa zito humtoa mtu kazini bila cheti, bila mkono wa kwaheri, na bila nyumba ya kambi aliyolelea watoto wake wote. Niliichukua ile karatasi tupu. Nilisema nitaiandika.

Alasiri hiyo nilifanya nyumbani jaribio nililopaswa kulifanya Aprili. Nilikuwa na vipande viwili: kile cha mfano, kilichokuwa ofisini tangu mwanzo, na ukanda niliokata kwenye ubao ambao moto haukuufikia. Mke wangu alikuwa amewasha mbabula uwanjani, jiko letu la makala, akisubiri maharagwe yachemke. Nikashika kipande cha mfano kwa koleo juu ya makala, kikashika moto, nikakiondoa, kikazima. Nikashika ule ukanda. Ulishika moto, nikauondoa, nikahesabu. Nilipofika mia niliacha kuhesabu. Ulikuwa bado unawaka, ukidondosha matone meusi kwenye udongo.

“Uko unachoma nini?” mke wangu akauliza. “Ile moshi itaingia mu nguo.”

“Daraja.”

Akaja akasimama karibu yangu. Yeye hufundisha shule ya msingi, na ana tabia ya kuuliza swali moja, kisha kunyamaza mpaka lijibiwe.

“Ulijua?”

“Sikujua.”

“Ungeweza kujua?”

Ukanda ulikuwa umekwisha, zimebaki nyuzi. “Ndiyo,” nikasema. “Niliandika kwamba nimepima. Sikupima.”

Alianza kuanua nguo kwenye kamba, mojamoja, akizikunja juu ya mkono wake. Alipomaliza alisema, bila kunitazama, “Batoto batatu beko ku masomo,” kisha akaingia ndani. Sikuweza kujua kama alikuwa ananiomba ninyamaze au ananikumbusha tu uzito wa kitu ninachotaka kukiinua. Sijamwuliza mpaka leo.

Kama muuzaji alitudanganya, au kama bohari yake ilikosea na kutuletea mbao za aina nyingine, sikujua, na bado sijui. Kwa ajili ya kapita haikuwa na maana. Mzigo ulipita mbele yangu, nami niliwekwa pale ili usipite.

Ijumaa nilikwenda kumwona. Hospitali ilikuwa imemruhusu asubuhi ile, na nilimkuta amekaa sebuleni kwake, mikono yote miwili imefungwa bandeji nene, kofia kichwani. Binti yake alikuwa akimlisha uji kwa kijiko. Alipoona kwamba ni mimi, alimfanyia ishara aende.

“Mutoto, ona vile minakuwa,” akasema. “Boxeur. Nilipigana na daraja, daraja ikashinda.”

Nikacheka, na yeye akacheka mpaka kikohozi kikamkata. Kikohozi kile kilichukua muda mrefu. Kilipoisha macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

“Banasema utaandika rapport,” akasema.

“Ndiyo, Papa.”

“Andika minye njo niliwasha. Ni kweli. Siwezi kukana. Lakini kama unaweza, andika pia ni upepo. Andika upepo uligeuka.”

“Hakukuwa na upepo.”

“Nani atajua? Upepo haiko na famille. Ata uitukane namna gani, hakuna mutu atalia.” Akatazama bandeji zake. “Minawaza tangu juzi, ni wapi nilikosea. Umande ulikuwa bado. Majani yalikuwa mabichi chini. Niliweka bantu bane yulu ya tuta na ndoo. Nimefanya vile baba yako alinifundisha, hatua kwa hatua. Pengine niliharakisha. Ama nilichelewa. Muzee anaanza kusahau na haone kama anasahau.”

Hilo ndilo ambalo sikulitarajia. Nilikwenda nikidhani nitamkuta na hasira, au na hofu ya kufukuzwa, na hofu ilikuwapo kweli. Lakini chini yake palikuwa na kitu kibaya zaidi: alikuwa ameanza kuamini kwamba akili yake imemtoka. Alikuwa anaipekua kazi aliyoifanya kwa usahihi kwa zaidi ya miaka thelathini akitafuta ndani yake kosa langu.

Ningemwambia pale pale. Mdomo niliufungua. Nikasema, “Upone kwanza, Papa,” nikasimama, nikamsaidia kunywa maji, nikatoka. Nilipofika kwenye lango la kambi nilijikuta nikitunga kichwani sentensi za upepo. Zilikuwa sentensi nzuri. “Mabadiliko ya ghafla ya hali ya hewa.” Hazikumshtaki yeye na hazikunishtaki mimi. Mkurugenzi angezikubali, wenye mali wangezikubali, na kapita mwenyewe ndiye aliyeziomba. Nilitembea nazo nusu ya njia ya kwenda nyumbani, na lazima nikiri kwamba kwa muda huo nilijisikia mwepesi.

Kilichoziharibu ni hesabu ndogo ya mhandisi. Njia ile ya daraja ina mbao thelathini na sita. Nne zimeungua, sita zimelainika. Ishirini na sita zilizobaki ni za mzigo uleule. Upepo ukiandikwa kuwa ndio uliokosa, hizo ishirini na sita zitabaki mahali pake, kumi mpya za aina hiyohiyo zitaongezwa, kamba itafunguliwa, na mwakani kapita mwingine atachoma majani kwa uangalifu wote. Au hata kabla ya hapo: gunia moja la makala ambalo halikuzimika vizuri tumboni, kwenye baiskeli iliyosimama njiani mwenyewe akipumzika. Kwetu hilo hutokea. Kila mtu hapa amewahi kuona gunia likitoa moshi barabarani na mwenyewe akilikimbiza kwenye maji.

Kabla ya chakula cha jioni nilikaa mezani na kuandika. Ripoti ilikuwa kurasa mbili, moja kwa Kifaransa kwa ajili ya ofisi, moja kwa Kiswahili cha kwetu kwa ajili ya kikosi. Sentensi ya kwanza ilikuwa ngumu, zilizofuata zilikuja zenyewe: kwamba mbao zilizoletwa hazikupimwa kwa moto, kwamba alama ya “ndiyo” kwenye hati ya mapokezi niliiweka mimi, na haikuwa kweli, kwamba maelekezo ya kutochoma yalikaa kwenye saraka yangu, na mkuu wa kikosi hakuwahi kuyapata, kwamba nilikiona kikosi kikijiandaa nami sikusema neno, kwamba moto wake uliwashwa kama unavyopaswa kuwashwa. Mwisho niliandika kwamba njia nzima ya daraja inafungwa na mbao zote zinaondolewa. Mke wangu aliisoma akiwa amesimama. Alisahihisha kosa moja la herufi, akanirudishia, akaleta chakula.

Jumamosi saa moja asubuhi niliiweka mbele ya mkurugenzi. Aliisoma yote, akarudia mwanzo.

“Unajua maana ya hii?”

“Ninajua.”

“Kaa kwanza. Tuzungumuze.”

“Nitarudi saa sita, chef. Kikosi kinaningoja darajani.”

“Nani alikupa ruhusa ya kufungua mbao?”

Nikamwambia kwamba mpaka atakaponiandikia kinyume, mimi bado ni mhandisi wa daraja lile. Alichukua kalamu, akaishika bila kuandika, nami nikatoka kabla hajaamua.

Kikosi kilikuwa tutani, watu tisa, wakinisubiri kama watu waliokwisha kusikia nusu ya habari. Niliwasomea ukurasa wa Kiswahili nikiwa nimesimama. Nilipomaliza, yule aliyeniomba chumvi Jumatatu aliuliza, bila kucheka:

“Kwa hiyo siye tulikuwa tunamulaumu muzee bure?”

“Bure.”

“Na yeye anajua?”

“Nimepita kwake saa kumi na mbili. Nimemusomea.”

“Alisema nini?”

“Aliniambia nitoke, anataka kulala.”

Yule mtu alitikisa kichwa, akainama kwenye sanduku la vifaa. Alinipa spana mimi mwenyewe. Wengine wakanifuata.

Hatujafungua hata parafujo moja, mama mwingine, mwenye beseni la mihogo, akafika kwenye kamba.

“Munatoa tena? Siye tutapita wapi?”

“Mu mayi, Mama. Kwa sasa.”

“Mu mayi! Na hii beseni, weye utaibeba?”

“Mbao hizi si nzuri, Mama. Minye njo nilizipokea.”

Akanipima kuanzia viatu mpaka kichwani. “Masomo mingi, akili kidogo,” akasema. Akavua viatu vyake vya plastiki, akaviweka juu ya mihogo, akashuka kijitoni, na wote waliokuwa nyuma yake wakashuka pia, mmoja baada ya mwingine, baiskeli mabegani.

Nikapiga magoti. Parafujo ya kwanza ilikuwa imekaza, ikabidi watu wawili tuishike spana pamoja. Ilipofika saa tatu ubao wa kwanza ulikuwa umelala kwenye tuta, na tulikuwa tumeanza wa pili.